Teksi za angani zianzie visiwani, si juu ya foleni za mijini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala wa magari yanayopaa, ambao umepamba moto katika ukanda wetu tangu Septemba 2025, pale chombo cha Kichina aina ya EH216-S kiliporushwa hadharani jijini Kigali bila rubani. Tangu wakati huo nawasikia watu wakidai kwamba foleni za Dar es Salaam na Nairobi zimepata dawa. Kwa maoni yangu hazijapata, na tukivileta vyombo hivi kwa kusudi hilo tutakuwa tumevipeleka pasipovihitaji.

Chombo kile cha Kigali huchukua watu wawili. Kile cha kampuni ya Joby ya Marekani, kinachoandaliwa kwa ajili ya Dubai, huchukua rubani na abiria wanne. Basi moja refu la mwendokasi hubeba abiria zaidi ya 100, na aliyewahi kusimama kituoni Kimara, Dar es Salaam, alfajiri, akaona milango inavyokataa kufunga kwa msongamano, anajua kwamba basi hilo lenyewe halitoshi. Vyombo 25 vya kuchukua nafasi ya basi moja vitatua wapi? Mapangaboi yanaposhuka husukuma upepo mkali ardhini, na mtaa wenye mabati yaliyolegea na meza za mama lishe hauwezi kuwa kiwanja.

Wajerumani wenyewe wamejaribu wakakwama. Kampuni yao ya Volocopter iliahidi kubeba abiria wakati wa Olimpiki ya Paris ya 2024, kibali hakikupatikana kwa wakati, na Desemba mwaka huohuo ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kuishiwa fedha; wenzao wa Lilium walikuwa wametangulia Oktoba. Ugumu mmoja mkubwa uko kwenye betri, ambayo kilo kwa kilo hubeba nishati ndogo mno kuliko mafuta ya ndege, na kwa sababu hiyo safari huwa fupi na viti vichache.

Sasa tutazame kisiwa cha Ukerewe, ndani ya Ziwa Victoria. Kutoka Nansio hadi Mwanza ni chini ya kilomita 60 kwa njia ya anga, lakini meli hutumia saa tatu hivi, na haiondoki kila saa. Mjamzito anayevuja damu hushushwa bandarini Mwanza juu ya godoro, ndugu wakishika pembe nne, kabla hajaanza safari ya gari kwenda hospitali ya rufaa ya Bugando. Chombo kinachokwenda kilomita 200 kwa saa kingemfikisha kwa dakika zisizozidi 20. Hapa viti vinne vinatosha kabisa: mgonjwa, muuguzi na ndugu mmoja. Kweli, chombo cha Kigali chenyewe kisingefika, kwa kuwa uwezo wake ni takriban kilomita 30, na dhoruba za Ziwa Victoria zitazuia baadhi ya safari. Kinachohitajika ni cha masafa marefu zaidi, chenye rubani.

Rwanda nayo haikuanza na abiria. Ilianza mwaka 2016 kwa droni za kupeleka damu hospitalini, na watu wakazizoea angani kwa sababu waliona kazi yake. (Sikatai kwamba wenye fedha ndio watakaovitaka vyombo vya abiria kwanza, hata simu za mkononi zilianzia kwao.)

Kwa hiyo naiomba Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania ikae na Wizara ya Afya mapema, kabla ombi la kwanza la leseni halijafika mezani, na iweke sharti kwamba kampuni itakayotaka kurusha abiria kati ya Masaki, mtaa wa wenye fedha jijini Dar es Salaam, na uwanja wa ndege ihudumie kwanza njia moja ya rufaa ya visiwani, usiku na mchana kila hali ya hewa inaporuhusu, kwa nauli isiyozidi ile inayolipiwa gari la wagonjwa.

Msomaji wako,
Mwanza