Chupa ikivuja, tusiulaumu mpira peke yake

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua tuseme machache kuhusu chupa za maji za kujaza tena. Malalamiko ni yale yale: begi limelowa, daftari zimeharibika, na lawama zote zinauangukia mpira ulio ndani ya kifuniko. Mtu ananunua mpira mnene zaidi, anakaza kwa nguvu zake zote, na chupa inazidi kuvuja. Sisi ambao kazi yetu ni kubuni vifuniko tunasema mara nyingi mpira hauna kosa. Kosa liko pale unapokaa.

Mpira wa silikoni ukibanwa haupungui ujazo, unahama tu. Kwa hiyo mfereji wake, yaani ule mtaro wa mviringo ndani ya kifuniko unamokaa, lazima uwe na nafasi ya kuupokea. Mpira ukijaza robo tatu ya mfereji au zaidi kidogo, inatosha. Mpira bapa wa unene wa milimita 2 unatakiwa ubanwe milimita 0.4 hadi 0.6. Usipofika hapo hauzibi vizuri, na ukipitiliza sana unabenuka, unatoka kwenye mfereji na kukatwa na ukingo wa chupa. Sasa tazama thredi, ile mistari ya kuzungusha inayokaza kifuniko. Ikiwa mzunguko mmoja mzima unashusha kifuniko milimita 4, nusu milimita ni sehemu ya nane tu ya mzunguko. Tangu mpira uguse mdomo wa chupa hadi uzibe, mkono unazunguka kidogo sana, na anayeendelea kukaza baada ya hapo anauharibu. Onyo kwenye karatasi halisaidii, maana hakuna anayelisoma. Kinachosaidia ni kizuizi: plastiki ya kifuniko igote kwenye bega la chupa mara mpira unapobanwa kiasi chake, hata mwenye mikono ya chuma ashindwe kuendelea.

Kisha pitisha ukucha kwenye ukingo wa mdomo wa chupa ya plastiki. Ukucha ukikwama sehemu mbili zinazotazamana, hapo ndipo nusu mbili za moldi, yaani umbo la chuma linaloipa chupa sura yake kiwandani, zilipokutana. Kimstari hicho, hata kikiwa na kimo cha sehemu ya kumi ya milimita, kinaacha njia ya maji pembeni yake, na mpira mgumu hauingii kuijaza. Mbunifu ahakikishe mstari huo haukatizi mahali mpira unapokalia. Akishindwa, achague mpira laini, wa ugumu wa 40 hadi 50 kwa kipimo cha Shore A, ambacho namba yake ikiwa ndogo mpira ni laini zaidi. Kuongeza unene hapa ni kupoteza fedha.

Maji ya moto ndiyo yanayoumbua kifuniko kibovu. Weka maji ya nyuzi 60 hadi nusu ya chupa, funga papo hapo, kisha tikisa. Hewa iliyokuwa baridi inapata joto, mvuke unaongezeka, na presha ya ndani inapanda kwa karibu theluthi moja ya presha ya kawaida ya hewa. Kwa kifuniko chenye kipenyo cha sentimita 5, hiyo ni nguvu ya kama kilo 6 inayokisukuma juu. Kwa mdomo wa kunywea wenye kipenyo cha milimita 12, ni gramu 350 hivi. Ndiyo maana tunashauri kifuniko kikubwa kifungwe kwa thredi na kifunguliwe wakati wa kujaza na kuosha tu, halafu kinachofunguliwa kila mara kiwe kizibo kidogo juu ya mdomo mwembamba. Kifuniko kipana cha kubofya kwa kidole, chenye bawaba na kishikizo cha plastiki, hakifai kwa chai hata kidogo. Kwa vinywaji vyenye gesi hata thredi peke yake haitoshi: zikatwe mikato midogo ya kutoa gesi kabla kifuniko hakijaachia kabisa, kama ilivyo kwenye vifuniko vya soda, la sivyo kinaweza kumrukia mtu usoni.

Chupa hiyo ya moto ikifunguliwa kidogo presha ikatoka, ikafungwa tena kisha ikapoa, mambo yanageuka. Mvuke unarudi kuwa maji, presha ya ndani inashuka chini ya ile ya nje, na kifuniko kinang'ang'ania. Mtumiaji anadhani kimekazwa mno. Akifungua kizibo kidogo kwanza, hewa inaingia na kifuniko kikubwa kinalegea chenyewe.

Tukija kwenye raha ya kunywa, jambo la kwanza ni hewa. Maji hayatoki sawasawa kama hewa haiingii. Ndipo chupa inapogugumia na kummwagia mtu kifuani. Tundu la hewa la milimita 2 hadi 3, upande wa pili wa mdomo wa kunywea, linatosha, mradi kizibo kile kile kiyazibe yote mawili. Ukingo wa mdomo uviringwe, na thredi za nje zianze chini vya kutosha zisikwaruze midomo. Kizibo cha bawaba kikae wazi chenyewe kikiwa kimelala nyuma kabisa, kisimgonge mtu puani.

Chupa za mrija zina tabia yake. Chupa ikikaa juani, au ikipandishwa ndegeni ambako presha ya hewa hupungua, hewa iliyo juu ya maji hutanuka na kuyasukuma ndani ya mrija. Ukifungua, yanaruka. Kifuniko kilichofikiriwa vizuri hufungua tundu la hewa kwanza, mrija baadaye.

Usafi nao ni sehemu ya ubunifu. Mfereji mwembamba na wa kina hutunza mabaki ya maziwa na juisi hadi yaote ukungu. Uwe mpana kuliko kina chake, pembe zake ziwe za duara, na mpira uwe na kiulimi cha kuuvutia. Umbo la mpira liwe sawa juu na chini, kwa sababu mpira wenye upande mmoja tu ulio sahihi siku moja utarudishwa kichwa chini, na chupa itavuja bila kitu chochote kuharibika.

Kwa hiyo ombi letu kwa viwanda ni hili: anayeandika "haivuji" aeleze alipimaje, kwa maji baridi au ya moto, chupa ikiwa imelala au imepinduliwa, kwa saa ngapi. Na auze mpira wa akiba wenye kipenyo na unene vilivyoandikwa kwenye pakiti, ili mtu asitupe chupa nzima kwa ajili ya kipande cha silikoni.

Wabunifu wa vyombo vya plastiki