Sadaka irudi na kwa mlango wa nyuma

Mhariri,

Novemba 2024, Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi liliamuru Shilingi milioni 2.6 alizotoa Rais William Ruto katika kanisa la Soweto zirudishwe. Nilifurahi mno. Kuzikataa pesa hizo wakati nyumba ya mapadre ingali inajengwa si jambo dogo.

Lakini mimi huhesabu sadaka kanisani kwetu, na ninayajua ya chumba cha nyuma. Jumapili moja mzee mmoja alichomoa noti ya elfu moja kwenye kikapu, akaikunja, akasema ni ya mafuta ya gari la mchungaji. Haikuandikwa daftarini. Sote watatu tulinyamaza, nami nikiwemo, kisha tukatoka kuimba tenzi. Hilo linaniuma hadi leo.

Paulo anamwambia Timotheo kwamba askofu asiwe mpenda fedha, na tena ashuhudiwe mema na watu walio nje. Walio nje wanatuona, Mhariri: mama mboga tunayemkopa, kijana wa bodaboda tunayempunja nauli baada ya ibada.

Wazee wa makanisa, someni hesabu mbele ya washarika kila mwezi, noti kwa noti.

Mzee wa kanisa,
Nakuru