Kisamvu si mchicha

Mhariri,

Ukurasa wenu wa mapishi wa Jumamosi iliyopita ulinifurahisha kwanza. Kwa miezi mmekuwa mkituandikia jibini na uyoga wa kopo, safari hii mkakumbuka kisamvu. Mjukuu wangu, yuko kidato cha tatu, alinisomea huku majani ameshayachuma nyuma ya nyumba. Alipofika pale mlipoandika kikatwekatwe, kikaangwe na kitunguu kwa dakika tano, kiliwe kingali kijani, nilimwambia aweke kisu chini alete kinu.

Jani bichi la muhogo lina sumu ya sayanidi. Kutwanga ndiko kunakoifungua, moto ndio unaoitoa. Mimi hutwanga na vitumba viwili vya kitunguu saumu na chumvi kidogo mpaka jani lisijulikane kuwa lilikuwa jani. Halafu huchemsha kwa maji mengi saa nzima au zaidi, sufuria wazi, kwa sababu sumu hiyo huondoka na mvuke. Asiye na kinu, hapa sokoni Mgandini kinauzwa kilichokwisha kusagwa, ila hicho nacho kinataka moto ule ule.

Maji yakikaribia kukauka natia nyanya, kitunguu na tui jepesi. Tui zito ni la mwisho kabisa: nakoroga bila kuacha mkono lisije likakatika, na likianza kutokota naepua.

Na huu ndio wakati wake. Masika yamenyesha, mihogo imechipua majani laini. Upepo wa kusi nao umeingia, ngalawa hazitoki kila siku, na ukishuka soko la samaki la Deep Sea asubuhi samaki mbichi bei haishikiki. Ndiyo maana kwetu miezi hii tunakula papa mkavu. Namroweka usiku kucha, namwaga maji ya chumvi, namchambua miiba, namtia kwenye kisamvu kabla ya tui zito. Pembeni bada la unga wa muhogo, limesongwa likasongeka. Watu sita wanashiba, na nilichonunua ni papa, nazi mbili na nyanya. Mchunga, ile mboga chungu ya majani, pia umejaa sokoni sasa. Uchemsheni, mmwage maji, mkamue uchungu, nao muutie nazi. Machungwa ya Muheza yakianza kushuka kwa magari, mtakuwa na la kuandika tena.

Mwandishi wenu simlaumu kwa nia yake. Lakini wako wasichana waliohamia mijini wakiwa wadogo, hawakusimama kinuni na mama zao, na wanachokijua ni kile mnachowaandikia. Mmoja wao akimpa mtoto kisamvu cha dakika tano, nani atamwambia?

Naomba sahihisho litoke kabla ya Jumamosi ijayo, ukurasa ule ule, kwa herufi kubwa kama zile za mwanzo.

Bibi wa Ngamiani,
Tanga