Yah: Malalamiko kuhusu taa kubwa ya kushoto na majibu niliyopewa mapokezini

Ndugu Meneja Mkuu,

Baada ya salamu, ambazo nazitoa kwa sababu ya malezi yangu wala si kwa sababu ya namna nilivyohudumiwa, naomba kuwasilisha malalamiko yangu kuhusu taa kubwa ya kushoto ya Benzi yangu 190E ya mwaka 1990, ambayo kadi yake ya kazi iko kwenye mafaili ya gereji yenu hapo Kampala. Masharti yenu kuhusu kupima tatizo kabla ya kubadilisha kipuri mnayajua kuliko mimi, kwa kuwa mmeyabandika ukutani mapokezini, kwa hiyo sitayarudia.

Nilipoleta gari nilieleza mambo mawili, na karani wenu aliyaandika mbele yangu. La kwanza, taa ya kushoto ilikuwa ikitoa mwanga wa njano uliofifia wakati ya kulia inawaka vizuri. La pili, ambalo fundi yeyote wa umeme wa magari angelishika mara moja, nikiwasha indiketa ya kushoto huku taa zimewaka, taa ndogo ya upande huohuo ilikuwa ikipepesa pamoja nayo na taa kubwa ikizidi kufifia. Umeme ukikosa njia yake ya kurudi kwenye betri hujipenyeza kupitia taa za jirani, na kuitambua dalili hiyo hakuhitaji kompyuta. Fundi mkuu wenu hakujisumbua hata kuisoma. Aliagiza balbu mbili mpya. Mwanga ulipobaki vilevile, akaagiza taa nzima kwa shilingi 380,000, akidai kwamba ya zamani imekufa kwa ndani. Ile mpya ilifungwa, ikawaka kwa unyonge uleule.

Hapo ndipo nilipomwomba, kwa adabu, achukue mita apime volti kwenye soketi ya balbu kabla ya kuniuzia kitu kingine. Alicheka, akawageukia wateja waliokaa kwenye benchi, akasema, akitumia neno la Kiluganda la kumwita babu au bibi: "Jjajja, taa inawaka. Kama wewe huoni, nenda kwa daktari wa macho." Watu wakacheka. Mjukuu wangu, aliyenisindikiza, aliinamisha kichwa.

Macho yangu hayana tatizo, Ndugu Meneja, na aliyelithibitisha hilo ni kijana wa Nyendo, kule Masaka, anayefanyia kazi chini ya mwembe na mita yenye waya zilizofungwa kwa utepe mweusi. Alianza kwa kufunga soketi mpya, kwa sababu nitakayoieleza baadaye, kisha akahamisha balbu ya kulia kushoto na ya kushoto kulia, na ufifi ukabaki kushoto, maana yake balbu hazikuwa na kosa. Akawasha injini na taa, akapima betri, ikasoma volti 13.9. Akapima kwenye balbu ya kushoto, ikasoma 10.8. Kisha akaweka ncha moja ya mita kwenye upande wa balbu unaorudisha umeme na nyingine kwenye hasi ya betri, mahali ambapo mita inapaswa kusoma karibu na sifuri, ikasoma 2.6. Akachukua kipande cha waya akaunganisha sehemu hizo mbili moja kwa moja, na taa ikawa nyeupe papo hapo. Kilichobaki kilikuwa kufuata waya wa kahawia hadi kwenye bolti yake ya ethi, yaani pale unaposhikana na bodi ili umeme urudi kwenye betri, ambayo ilikuwa imeota kutu ya kijani na nyeupe. Aliifungua, akaikwangua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akaikaza, akapaka grisi. Kazi yote ilikwisha kabla chai niliyoagiza haijapoa.

Wataalamu wenu wanapaswa kujua kwamba volti kwenye balbu ya halojeni zikipungua kwa asilimia 10 tu, mwanga hupungua kwa karibu asilimia 30. Zangu zilikuwa zimepungua kwa zaidi ya asilimia 20. Nilikuwa naendesha nikiwa na chini ya nusu ya mwanga upande wa kushoto, yaani upande wa waenda kwa miguu na baiskeli, halafu naambiwa niende kwa daktari.

Naomba nirudi kwenye asubuhi ile, kwa maana sikuieleza yote. Alipotamka maneno hayo hakuwa amefungua boneti wala kulisogelea gari; alikuwa ameegemea kaunta akiwa na soda mkononi. Baada ya kunijibu kwa Kiswahili aliwaambia wanagenzi wake kwa Kiluganda, akidhani sisikii, kwamba gari na mwenyewe wote wamechakaa na havina spea Kisekka, soko la vipuri la Kampala. Nimeishi Buganda tangu kabla hajazaliwa, na nilisikia kila neno. Kisha akausukuma ufunguo wangu juu ya kaunta kwa kidole, ukaanguka chini, na aliyeinama kuuokota alikuwa mjukuu wangu. Karani wenu wa kike ndiye peke yake ambaye hakucheka, na naomba hilo liandikwe kwenye faili lake.

Tena nilikuwa sijataja balbu ya wati 100, ambayo aliifunga siku hiyohiyo ili, kwa maneno yake, "mzee aridhike". Balbu ya wati 55 ilikuwa inashindwa kurudisha umeme wake kupitia bolti yenye kutu, naye akaongeza mzigo karibu maradufu kwenye soketi na waya zilezile za zamani. Soketi iliyeyuka na taa ikazimika kabisa usiku kati ya Kayabwe na Lukaya, kwenye barabara ya Masaka, malori yatokayo mpakani Mutukula yakinijia usoni. Hivyo ndivyo nilivyofika Nyendo.

Nilipoanza barua hii nilikusudia kudai shilingi 490,000 tu: uchunguzi 50,000, balbu 60,000 na taa 380,000. Sasa naongeza 40,000 nilizolipa Nyendo kwa ukarabati na soketi mpya, jumla 530,000. Nataka pia barua ya kuomba radhi yenye sahihi yako, wala si ya karani. Na fundi mkuu wenu aniombe radhi kwa mdomo wake, palepale mapokezini, mbele ya benchi lenye wateja, mjukuu wangu akiwepo.

Nawapa siku 14. Zikipita, nitapeleka shauri mahakamani kwa utaratibu wa madai madogo, unaopokea madai yasiyozidi shilingi 10,000,000 na usiohitaji wakili, nikitegemea Sheria ya Mauzo ya Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017, inayomtaka mtoa huduma afanye kazi kwa uangalifu na ustadi. Na huko sitadai 530,000 peke yake. Balbu ya wati 100 na soketi iliyoyeyuka ninazo, na sitazikabidhi kwa mtu wenu yeyote kabla fedha hazijafika mkononi mwangu.

Wasalaam,
Mteja wenu wa zamani, mwenye Benzi ya kijivu