Risala ya Vijana Maseremala wa Likoni kwa Mgeni wa Heshima, Siku ya Kuonyesha Kerezo la Miguu

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, wazee wetu wa mtaa, mafundi mliotulea, wazazi, majirani na vijana wenzetu, asalaam alaykum, na kwa wote hamjambo.

Sisi vijana maseremala kumi na mmoja wa hapa Likoni, wavulana tisa na wasichana wawili, tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu na kwa kuvuka feri mchana huu wa jua ili uje kukitazama kitu ambacho wengi wetu, miezi michache iliyopita, hatukuamini kwamba kingesimama. Tumekuandalia risala hii kwa heshima na taadhima, na tunaomba utuvumilie iwapo sehemu kubwa yake itakuwa habari za mbao, kamba na kabari, maana hizo ndizo habari zetu.

Kifaa unachokiona mbele yako, chenye ufito mrefu uliopinda juu na ubao wa kukanyaga chini, ni kerezo. Kipande cha mti hushikwa kati ya ncha mbili za chuma, kikazungushwa kwa nguvu za mguu, na fundi akakichonga kwa patasi mpaka kikawa mviringo: mguu wa stuli, mchi, mpini wa tupa, nguzo ya roshani, au pia ya mtoto kuchezea. Hakina mota wala waya wa umeme. Kimejengwa kwa msumeno wa mkono, randa, juba, tezo, keekee ya kutobolea na nyundo, na vyuma vilivyomo ndani yake vinaweza kuhesabiwa kwa vidole vya mkono mmoja.

Mheshimiwa, ni haki tueleze jinsi tulivyofika hapa. Mzee mmoja wa Mji wa Kale wa Mombasa alituletea nguzo ndogo mbili za roshani ya nyumba yake, moja nzima na moja iliyoliwa na mchwa, akatuomba tumtengenezee nyingine sita za kufanana na ile nzima. Tulizipeleka kwenye karakana moja yenye mashine ya umeme. Tukaambiwa kwamba kazi ya nguzo sita haina faida, tusubiri mpaka wapate oda kubwa ya kuichanganya nayo. Tulisubiri wiki tano. Siku moja, tukiwa tumekaa barazani na ile nguzo nzima mkononi, mwenzetu mmoja aliuliza swali ambalo lilitunyamazisha: je, aliyeikereza nguzo hii, wakati roshani ile inajengwa, alikuwa na umeme gani?

Jibu lilikuwa kwenye lugha yetu wenyewe. Kiswahili kina kitenzi kukereza, kina kerezo, kina na mkereza, na maneno hayo hayakungoja nguzo za umeme zifike pwani. Vitanda vya kale vya Pate na Siyu, kule Lamu, vina miguu iliyokerezwa na kupakwa lakiri nyekundu na nyeusi, na mafundi wa majahazi mpaka leo wanaijua keekee, ile inayozungushwa kwa uta wenye kamba, mbele na nyuma, mbele na nyuma. Kerezo la miguu lina akili ileile ya keekee, ila uta umegeuzwa kuwa ufito, na mkono uliokuwa ukisukuma uta umepewa uhuru wa kushika patasi. Tulipoulizia zaidi tulikuta kwamba jambo hili ni la dunia nzima na la zamani sana. Katika kaburi la Petosiris huko Misri, la takriban miaka 300 kabla ya Kristo, imechorwa picha ya mtu anayezungusha mti kwa kuvuta kamba huku mwenzake akichonga. Na huko Uingereza, katika misitu ya Buckinghamshire, mafundi waliendelea kukereza miguu ya viti kwa ufito na kanyagio mpaka katikati ya karne ya 20, wakiwauzia wenye viwanda vya viti mjini High Wycombe, ingawa mashine za kisasa zilikuwa zimeenea.

Sasa tukueleze lilivyojengwa. Chini kuna miguu minne iliyopanuliwa kidogo ili lisipinduke. Juu yake zimelazwa mbao mbili nene, kila moja futi 4 kwa urefu na inchi 6 kwa upana, zikitazamana na kuachiana nafasi ya inchi 2, na hizo tunaziita kitanda. Katika nafasi hiyo vinashuka vichwa viwili vya mvule, kila kimoja kikiwa na ulimi unaopenya mpaka chini ya kitanda na kukazwa kwa kabari. Kichwa kimoja hakihami. Cha pili kinasogezwa kulingana na urefu wa kazi, kikikazwa kwa pigo moja la nyundo na kulegezwa kwa pigo jingine. Kila kichwa kina ncha ya chuma, ambayo ni bolti ya nusu inchi tuliyoinoa kwa tupa mpaka ikachongoka. Ncha hizo hazizunguki; kipande cha mti ndicho kinachozunguka juu yake, na kwa hiyo lazima zipakwe mafuta. Sisi tunatumia mafuta ya nazi, na kazi ikishika moto kibanda kizima hunukia kama jikoni siku ya sikukuu. Urefu wa ncha kutoka sakafuni ni sawa na kiwiko cha fundi aliyesimama, na kwa kuwa hatulingani kimo, wafupi wetu wamewekewa jukwaa dogo la mbao.

Kamba inatoka kwenye ncha ya ufito, inazungushwa mara mbili kwenye kipande cha mti, kisha inashuka upande wa fundi mpaka kwenye kanyagio. Upande huo ndio siri yote. Kamba ikishukia upande wa pili, mti utazunguka ukimkimbia fundi, na patasi itaparuza badala ya kukata. Mguu ukishuka, mti huja kwa fundi na patasi hukata. Mguu ukiinuka, ufito huirudisha kamba, mti huzunguka kinyume, na fundi hurudisha patasi nyuma kiasi cha unene wa ukucha. Mgeni huona kama nusu ya kazi inapotea bure. Anayekanyaga hujua kwamba nusu hiyo ndiyo pumzi yake.

Mheshimiwa, hatungependa udhani kwamba mambo yalinyooka tangu siku ya kwanza. Kerezo letu la mwanzo tulilipigilia misumari, kwa haraka na, tuseme kweli, kwa uvivu. Kitu kinachotikiswa mbele na nyuma mara elfu kwa siku hakikai na misumari. Baada ya siku tatu vichwa vilikuwa vikicheza kama jino bovu, na kipande kikaruka kikavunja taa. Tulilivunja lote tukaanza upya kwa ulimi na tundu, kila tundu likichongwa kwa juba na kila kiungo kikikazwa kwa kabari, ili kikilegea kigongwe tu. Hata hivyo lilikuwa jepesi, na kila tulipokanyaga lilitembea sakafuni kuelekea mlangoni, mpaka tulipofunga ubao katikati ya miguu na kuupakia magunia mawili ya mchanga.

Ufito nao ulitusumbua. Wa kwanza ulikuwa mkavu na ukavunjika kwa mlio uliowatoa majirani nje. Tulio nao sasa ni wa mvinje, futi 12, uliokatwa ungali mbichi na kukaushwa kivulini. Shina lake limefungwa kwenye nguzo ya nyuma, ukapitishwa juu ya mhimili, na ncha yake nyembamba ndiyo inayonepa. Kwa wale ambao nyumba zao ni fupi na hazina nafasi ya ufito, tumejaribu pia ukanda uliokatwa kwenye mpira wa ndani wa tairi la pikipiki, ukiwa umetandazwa kati ya miti miwili juu ya kerezo, nao unarudisha kamba vizuri ajabu. Mafundi wa bodaboda huitupa mipira hiyo kila siku.

Kuhusu kamba, tulianza na ya katani, ikakatika ndani ya saa chache, tukailaumu kamba. Kosa lilikuwa letu. Tulikuwa tukiweka mti wenye pembe nne kali, na pembe hizo zikiisaga kamba kama msumeno. Siku hizi kila kipande hupasuliwa kwanza kwa shoka, kikachongwa kwa tezo kiwe na pembe nane, na pale kamba itakapokaa huchongwa karibu na mviringo kabla ya kupandishwa. Kamba moja ya pamba iliyosokotwa imetudumu tangu wakati huo.

Patasi tulizonazo zimetoka kwenye springi za gari kuukuu. Mhunzi mmoja, ambaye ametukataza kabisa tusimtaje, alitufundisha kukipasha moto chuma mpaka sumaku isikishike tena, kukizamisha ndani ya mafuta, kisha kukipasha tena kwa upole mpaka uso wake uliosuguliwa uingie rangi ya majani makavu. Hatua hii ya mwisho ikirukwa, chuma huwa kigumu lakini hukatika kama kioo. Mipini ya patasi hizo tuliikereza hapahapa, kwa hiyo kazi ya kwanza ya kerezo ilikuwa kujitengenezea vifaa vyake.

Jambo lililotushangaza zaidi ni kwamba kerezo hili linapenda mti mbichi. Sisi tulifundishwa kuogopa mbao zisizokauka, na kwa makabati ni sawa. Lakini mti mbichi hukatika laini, hutoa maganda marefu yenye unyevu badala ya vumbi la kukohoza, na mguu hauchoki. Ukikauka, hunywea zaidi kufuata mzunguko wa duara zake kuliko kutoka kitovuni kwenda nje, takriban mara mbili, na kwa hiyo kilichokuwa duara kamili huwa kama yai. Kwa mguu wa stuli hilo si aibu. Tena lina faida, kwa sababu mguu ukitobolewa ungali na unyevu, na ulimi wa kiungo ukawa umekauka kabisa, mguu unaponywea huung'ata ulimi na haung'oki. Stuli uliyoikalia sasa, Mheshimiwa, imeunganishwa hivyo, bila gundi na bila msumari hata mmoja. Usiwe na wasiwasi. Mwenzetu mwenye kilo 96 ameikalia wiki nzima.

Zile nguzo sita za roshani zilichukua siku nne, na hizo tulizikereza kwa mbao kavu ili zisipinde zikishapachikwa. Tulichukua vipimo vya ile ya zamani kwa kuchora alama za mabonde na matuta yake kwenye ubao mwembamba, tukauegemeza ubao huo kwenye kila kipande. Ukizitazama kwa karibu utaona kwamba hazifanani kwa asilimia mia, na zile za zamani pia hazifanani. Mzee alizipitisha kidole, akacheka, akalipa.

Hatutaki kulisifu kerezo hili kupita kiasi. Mbambakofi mkavu hukerezeka kwa shida, na anayehitaji nguzo mia mbili kwa wiki moja na aende kwenye mashine ya umeme bila kuona haya. Mwaka ujao tunakusudia kujenga jingine lenye gurudumu zito na mkono wa kuzungushia, linalokwenda upande mmoja tu kama cherehani ya miguu. Leonardo da Vinci alichora la namna hiyo zaidi ya miaka 500 iliyopita. Kanyagio la cherehani kuukuu tayari tunalo. Tatizo ni gurudumu, kwani la cherehani ni jepesi mno na huzimika mara tu patasi inapouma mti.

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, kwa desturi risala huja na maombi, na tunajua huenda ulitegemea tuombe mashine. Hatuombi mashine. Ombi letu ni matawi. Miti ya barabarani inapopunguzwa, miembe, mikungu na miarobaini, matawi mazuri yenye unene wa paja hupakiwa kwenye malori na kwenda kutupwa au kuchomwa, ilhali kwetu huo ndio mti mbichi unaokerezeka vyema kuliko mbao yoyote tunayoweza kuinunua. Tunakuomba utusemee kwa wahusika ili lori moja, mara moja kwa mwezi, lishushe mzigo wake hapa, nasi tutasafisha mabaki yote na kuwagawia kina mama kuni. La pili ni dogo: paa la kibanda hiki liinuliwe futi 3, ili ufito upate nafasi ya kunepa bila kugonga bati kila mguu unapoinuka. Mbao za kazi hiyo tutapasua wenyewe. Tunachokosa ni mabati kumi na idhini.

Kabla hujasimama kusema nasi, tuna jambo moja. Kwenye ncha tumeshapandisha kipande cha mwembe kilichokatwa jana, pembe zake nane zimechongwa tayari, na ncha zimepakwa mafuta. Kinatakiwa kiwe mchi mdogo wa kutwangia thomu. Mwarobaini tuliuacha makusudi, usije uchungu wake ukafika mpaka kwenye mchuzi wako. Tunakuomba uvue kiatu cha mguu wa kulia, usogee hapa kwenye kanyagio, na ukanyage taratibu. Mmoja wetu atakushikia patasi.