Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Huu ni mwaka mwingine wa chama chetu cha mbio za magari madogo ya rimoti. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, na matokeo ya mbio anayo katibu, kwa hiyo hayo siyagusi. Nitasema tu kwamba tumeumaliza mwaka bila kufukuzwa kwenye maegesho tunayoazimwa Jumapili asubuhi, na kwamba betri moja ya lipo (lithiamu-polima, ambayo huweza kuwaka moto) ilivimba ikiwa kwenye chaja, ikawahiwa na kutupwa kwenye ndoo ya mchanga. Waliokuwa wakicheka ile ndoo, natumaini sasa wameelewa inakaa pale kwa nini.

Nataka kuongelea jambo moja. Mwaka mzima, kila nikipita kwenye meza baina ya mbio na mbio, nilisikia kilio kilekile. Huyu: "Mwenyekiti, gari haligeuki, linanitoka nje ya kona." Yule: "Mwenyekiti, nyuma inateleza, mkia unatangulia." Na dawa ikawa ileile kwa wote: springi mpya, oili nyingine ya shokapu, stabilaiza (kile chuma kinachozuia gari kulala upande) nene zaidi. Ninavyoona mimi, mengi ya magari hayo hayakuhitaji kubadilishiwa mpangilio. Yalikuwa mabovu, yanataka kutengenezwa. Kulibadilishia springi gari lililopinda ni kumfunika blanketi mtu anayetetemeka kwa malaria.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Gari langu, lile la kipimo cha moja kwa kumi cha gari halisi, linaloendesha magurudumu yote manne, lilinisumbua Jumapili tatu mfululizo. Kona za kushoto lilikuwa linagoma kugeuka; kona za kulia linazunguka kama pia. Nikalainisha springi za nyuma. Nikabadili oili ya mbele. Nikaongeza alaimenti ya nyuma, yaani matairi yaangalie ndani zaidi, mpaka likawa zito kwenye mnyoofu. Jumapili ya tatu kijana mmoja wa daraja la wanaoanza akaja, akatoa kisu chake.

Akaliweka gari juu ya kipande cha kioo, akachomoa stabilaiza zote mbili, akaingiza ncha ya kisu katikati kabisa ya chasisi upande wa mbele, akainua polepole. Tairi la kushoto likaachana na kioo huku la kulia bado limekaa. Maana yake tairi la mbele kulia lilikuwa linabeba uzito kuliko mwenzake, na kwa mshazari, la nyuma kushoto nalo vilevile. Gari la namna hiyo lazima ligome upande mmoja na kuteleza upande wa pili. Hakuna springi itakayolitibu.

Chanzo? Mwezi uliotangulia niligonga ukingo wa saruji, nikafungua deki ya juu (bamba linaloikaza chasisi kwa juu) kubadili gia, kisha nikakaza skrubu zote gari likiwa mkononi. Chasisi ya kaboni hujipinda kidogo tu, jicho halioni. Tulilegeza skrubu za deki, tukalikandamiza gari kwenye kioo, tukazikaza kwa zamu, moja huku nyingine upande wa pili. Haikuchukua hata robo saa. Zile springi nilizonunua ziko kwenye kopo hadi leo, anayezitaka aseme.

Tangu siku ile nina swali moja kwa kila anayekuja kulalamika: kosa liko kushoto na kulia sawasawa? Kama gari linafanya hivi kushoto na vile kulia, usiguse springi. Tafuta kilichoharibika. Angalia kama shokapu mbili za nyuma zina urefu mmoja na zinarudi kwa kasi moja, maana moja ikivuja oili, hilo peke yake linatosha. Chomoa shokapu uone kama mikono ya suspensheni inaanguka kwa uzito wake yenyewe. Mkono unaokwama hewani ni pini iliyopinda au vumbi letu hili la mchanga lililojaza tundu. Zungusha kila gurudumu usikilize beringi. Mwisho zungusha gari polepole kwenye duara, usukani umekatwa wote kushoto, halafu wote kulia. Duara zikipishana ukubwa, kazi iko kwenye rimoti, na hiyo haikugharimu shilingi.

Kosa likiwa sawa pande zote mbili, hapo ndipo tuzungumze marekebisho. Mbele hakushiki? Jaribu springi laini zaidi za mbele, au stabilaiza nyembamba ya mbele. Nyuma inateleza? Fanya hayohayo nyuma, na hakikisha matairi ya nyuma yanaangalia ndani nyuzi kama 3. Lakini kitu kimoja kwa wakati mmoja, na kiandikwe. Nimemwona mtu akibadili vitu vinne baina ya mbio mbili, gari likapona, na hadi leo hajui kilicholiponyesha.

Kuhusu karatasi za marekebisho za mabingwa mnazopakua kwenye intaneti, sizikatazi. Mashindano ya dunia ya magari ya umeme ya moja kwa kumi ya IFMAR, shirikisho la kimataifa la mbio za magari ya rimoti, ya mwaka 2018 yalifanyika Welkom, Afrika Kusini, na Bruno Coelho wa Ureno akatwaa taji, kwa hiyo si kwamba haya ni mambo ya mbali na bara letu. Ila karatasi ya bingwa imeandikwa kwa uwanja wake na matairi yake. Nyingine ni za ndani ya ukumbi, juu ya zulia! Ukishusha gari mpaka chasisi ibaki milimita 5 juu ya lami yetu yenye nyufa, chasisi italamba chini kila mzunguko.

Halafu kuna joto. Lami ya saa moja asubuhi ina vumbi na inateleza. Kufika saa tano imesafishwa na matairi, imepata moto, inashika kama gundi. Gari lililokuwa likiteleza asubuhi ndilo linalopinduka mchana. Anayepinduka asikimbilie kulaumu waliomgonga. Apake supagluu ukingo wa nje wa matairi ya mbele ili mbavu (pande) za tairi zisishike lami, au ashushe gari nusu milimita. Na oili ya shokapu nayo huwa nyepesi joto likipanda, kwa hiyo msiache magari juani mkinywa soda kivulini.

Kamati inaleta maombi mawili. La kwanza, chama kinunue kioo kinene kimoja, kikae kwenye meza ya wakaguzi, na gari lolote lipimwe hapo kwa ncha ya kisu kabla mwenyewe hajaanza kulifungua. La pili, kila daraja liwe na daftari moja la wazi la marekebisho. Najua wapo wanaoficha siri zao. Sioni faida ya siri katika chama ambacho nusu ya magari hayamalizi mbio.

Suala la aina moja ya tairi kwa wote limeahirishwa, hatukukubaliana, na kelele za kikao kile mnazikumbuka.

Ajenda inayofuata ni uchaguzi. Kile kisu bado ninacho mimi. Mwenyewe akichukue kabla hamjapiga kura.