Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Mkutano mkuu uliopita uliamua katika kazi yetu ya kuubana mwanga mahali padogo sana, tupunguze metali na kuzigeukia fuwele zenye uwezo huo kiasili. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliopinga. Leo nakiri kwamba wengi walikuwa sahihi.

Tangu mwanafizikia Mjerumani Ernst Abbe atuonyeshe mwaka 1873, inajulikana kwamba lenzi haiukusanyi mwanga mahali padogo kuliko takriban nusu ya urefu wa wimbi lake. Metali zilitupa njia ya mkato: mwanga hushikana na elektroni, ukabanwa mahali padogo zaidi. Lakini elektroni zina fujo. Ndani ya makumi ya femtosekunde (femtosekunde ni sehemu moja ya milioni ya bilioni ya sekunde) mwanga umeshageuka joto.

Boroni naitraidi ya pembesita, fuwele ya matabaka ya boroni na nitrojeni, hufanya vingine. Humo mwanga hushikana na mtikisiko wa atomi zenyewe, ndiyo polaritoni ya fononi, nao hudumu hadi pikosekunde, yaani femtosekunde elfu moja. Kisha kuna jambo lililonibadilisha mimi. Katika infraredi, mwanga wenye mawimbi marefu kuliko yanayoonekana kwa macho, kati ya mikromita 6.2 na 7.3 hivi, uga wa umeme ukitikisika sambamba na matabaka, fuwele hujibu kama metali; ukitikisika wima, hujibu kama kioo. Tabia hiyo wenzetu waliihangaikia kwa kupanga tabaka za metali na kihami (kitu kisichopitisha umeme) moja baada ya nyingine, kumbe fuwele hii inayo tayari! Ndiyo maana kipande chenye unene wa makumi ya nanomita huweza kuufungia mwanga huo ndani.

Asili nayo ina kasoro. Boroni ya kawaida ni mchanganyiko wa isotopu mbili, yaani atomi za boroni zenye uzito tofauti, kama asilimia 20 kwa 80, na mchanganyiko huo huyafupisha maisha ya mawimbi. Fuwele za isotopu moja ni bora, ila boroni yake sharti itenganishwe kwanza na binadamu.

Fuwele nyingine, kalisaiti, ileile iliyomwonyesha mwanasayansi Mdenmaki Rasmus Bartholin picha mbilimbili za kitu kimoja mwaka 1669, tumeigusa kidogo tu.

Hasara kubwa ilikuwa ya muda. Kwa miezi kadhaa tulishangilia mistari iliyoonekana pembeni mwa vipande kwenye hadubini ya ncha, ile inayopapasa uso wa kitu kwa ncha kali, tukidhani ni mawimbi ya mwanga uliofungiwa. Ilikuwa gundi ya utepe tunaoutumia kubandua matabaka ya fuwele. Sasa hakuna picha inayopokelewa kabla nafasi kati ya mistari haijapimwa kwa mwanga wa urefu tofauti wa mawimbi, kwani mistari ya kweli husogea urefu huo ukibadilika. Mistari isiyosogea ni uchafu.

Ada zimelipwa, isipokuwa chache. Walioazima vipande vya fuwele wavirudishe kabla ya uchaguzi, vikiwa na lebo zake.

Mwenyekiti